Shindano la Picha za Anga la NASA: Tathmini Kutoka Kisumu

Kwa yeyote anayeishi Kisumu, Kakamega au Busia, na ambaye ametamani kwa muda mrefu kuzichunguza galaksi ilhali hana darubini wala fedha za kuinunua, shindano la NASA liitwalo Astrophoto Challenge ndilo mlango ulio wazi zaidi ninaoufahamu. Ninalipendekeza bila kusita, ingawa lina upungufu ambao mtu wa ukanda huu wa ziwa atauhisi mapema kuliko mkazi wa Ulaya au Marekani. Tathmini hii inatokana na ushiriki wa kikundi chetu cha elimu ya anga, ambacho hukutana katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya upili mjini Kisumu, na ambacho kinawakutanisha wanafunzi wa shule hiyo na watu wazima kutoka mitaa ya karibu.

Shindano lenyewe huendeshwa na Universe of Learning, mpango wa elimu wa NASA unaoziunganisha taasisi kadhaa, zikiwemo Space Telescope Science Institute na Kituo cha Astrofizikia cha Harvard na Smithsonian. Hufunguliwa kwa misimu, na washiriki hupewa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuiagiza darubini ya roboti ikupigie picha, au kuchukua picha zilizokwisha kupigwa na darubini hizo na kuzishughulikia upya. Njia ya pili ni kutumia data za vyombo vikubwa vya angani kama Hubble na Chandra. Hakuna ada ya kuingia, na mzee wa miaka 60 anaweza kushiriki sawa na mtoto wa shule, jambo ambalo ni nadra katika mashindano ya sayansi tuliyoyazoea, ambayo humsahau mtu siku anapomaliza kidato cha nne.

Darubini zinazotumika katika njia ya kwanza ni za mtandao wa MicroObservatory, ambao kituo cha Harvard na Smithsonian kimekuwa kikiuendesha tangu miaka ya 1990. Si mitambo mikubwa. Kioo cha kila moja kina kipenyo cha takribani sentimita 15, ukubwa ambao mpenzi wa nyota mwenye uwezo anaweza kuuweka uani kwake. Zimepewa majina ya watu, kama vile Annie, Ben na Cecilia, hili la mwisho likimkumbusha mtu Cecilia Payne, ambaye mwaka 1925 alionyesha kwamba nyota zimeumbwa kwa haidrojeni kwa sehemu kubwa. Ubora wake unatokana na mahali zilipo, hasa zile zilizo katika kituo cha Whipple kule Arizona, nyanda kavu zenye anga safi, na pia unatokana na kamera zake, ambazo hukusanya mwanga hafifu ambao jicho la binadamu haliwezi kuuhifadhi.

Kuagiza picha ni jambo la dakika chache. Unachagua unachotaka kukiona, unaamua upana wa eneo la anga, unaweka muda ambao kamera itapokea mwanga, ambao hauzidi sekunde 60, unachagua kichujio cha rangi, kisha unaacha anwani yako ya barua pepe. Darubini hupanga maagizo ya watu wote na kuyatekeleza yenyewe usiku bila mtu kuigusa, na kwa kawaida picha hukufikia ndani ya siku moja au mbili. Kwa kuwa Arizona iko nyuma yetu kwa saa 10, giza hutanda huko wakati sisi tunaamka, na usiku wao unaendelea hadi alasiri yetu. Mwanafunzi wa Kisumu huwa darasani akisoma wakati darubini inapomfanyia kazi upande wa pili wa dunia. Jambo hili linaweza kuonekana dogo, lakini nimeona lilivyowafundisha wanafunzi mzunguko wa dunia kwa uthabiti ambao tufe lililo juu ya meza ya mwalimu halijawahi kuufikia.

Uchaguzi wa tarehe nao una uzito wake, kwa sababu mbalamwezi hufunika mwanga wa nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi yaliyo angani, na wa galaksi hafifu. Sikuhitaji kulieleza hili kwa kirefu kwa watoto waliokulia Dunga. Wavuvi wa omena huingia ziwani na taa zao katika usiku usio na mwezi, kwa kuwa taa huwavutia omena vizuri zaidi gizani, na mtoto wa mvuvi huzijua siku hizo bila kutazama kalenda. Galaksi nazo huagizwa katika siku hizo hizo za giza.

Kazi halisi huanza picha inapofika, na hapa ndipo shindano hili linapoyapita mengine niliyoyaona. Faili haiji ikiwa picha ya rangi iliyo tayari kuwekwa ukutani. Unaifungua katika JS9-4L, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya kivinjari, na mara ya kwanza unaona mstatili mweusi wenye nukta chache nyeupe. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa ameagiza galaksi ya Whirlpool, ambayo orodha ya vitu vya angani iitwayo Messier huitambua kwa namba 51, aliniita kwa huzuni: "Mwalimu, hii yangu haikutoka. Hakuna kitu."

Kitu kilikuwapo. Kila pikseli, yaani kila nukta ndogo inayoiunda picha hiyo, hubeba namba inayoeleza kiasi cha mwanga kilichoingia, na namba hizo hutofautiana kwa upana mkubwa kuliko vivuli 256 ambavyo kioo cha kompyuta huvionyesha kwa kawaida. Nyota angavu hunyakua nafasi yote ya juu, na mwanga wa galaksi husongamana chini kabisa, karibu na weusi wa anga. Nilimwomba abadilishe kipimo kutoka mstari ulionyooka hadi logi, kisha ateremshe kikomo cha juu polepole. Kwanza lilitokea wingu la kijivu, halafu kiini, halafu mikono miwili iliyojipinda, na mwishoni ile galaksi ndogo iliyo kwenye ncha ya mkono mmoja, ambayo inavutwa na ile kubwa. Mwanga huo ulisafiri kwa takribani miaka milioni 30 kabla ya kuingia kwenye kamera. Logi ambazo kijana huyo alikuwa amezijua kama sura ya kupita haraka katika hesabu za kidato cha pili zilikuwa zimemfichulia galaksi nzima, na tangu siku hiyo hajaniuliza tena zina faida gani.

Hatua ya rangi inadai subira zaidi. Unaagiza picha tatu za kitu kimoja kwa kichujio chekundu, cha kijani na cha buluu, kisha unazipandanisha. Kwa kuwa darubini hailengi mahali pale pale hasa kila inapopiga, nyota moja huonekana kama nukta tatu za rangi tatu zilizokaribiana, na ni lazima usogeze tabaka moja moja hadi nukta hizo zikutane na nyota iwe nyeupe. Katika kikundi chetu aliyelimudu jambo hili kuliko wote ni fundi wa simu kutoka Kondele, mtu ambaye mchana kutwa hubadilisha vioo na kurekebisha tundu za chaji. Wanafunzi walimzunguka wakimwita fundi, naye akawaonyesha namna ya kuchagua nyota mbili zilizo mbali, moja kila pembe, ili kuhakikisha kwamba tabaka halikukaa sawa upande mmoja na kupotoka upande mwingine. Hakuna maelezo rasmi niliyoyasoma yaliyoieleza mbinu hiyo vizuri kama yeye.

Baada ya picha kukamilika, fomu ya kushiriki inakutaka ueleze ulichokifanya na sababu zake. Ninaamini hii ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo inayonifanya nilione shindano hili kuwa chombo cha elimu hasa. Kwa nini uliifanya haidrojeni ionekane nyekundu iliyokolea? Kwa nini ulipunguza mng'ao wa kiini cha Nebula ya Orion hadi zile nyota nne za katikati zikaonekana zimetengana, ilhali ungeweza kuuacha mwanga ujae ukurasa? Mtu anayeweza kujibu maswali hayo kwa sentensi zinazoeleweka ameelewa picha ya kisayansi ni nini: ni kipimo kilichopitia maamuzi ya binadamu, na maamuzi hayo yana haki ya kuhojiwa. Nimewaona wanafunzi waliozoea kunakili hitimisho la majaribio ya maabara wakibishana kwa hoja kuhusu kikomo cha mwangaza. Yeyote anayejiandaa kwa Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya atafaidika sana akilifanya zoezi hili kwanza, kwa sababu litamzoeza kuitetea kazi yake mbele ya wanaohoji.

Njia ya pili, ile ya data za vyombo vikubwa, ni ngumu zaidi lakini kwa Mkenya ina mvuto wa pekee. Data za Chandra, chombo kilichorushwa mwaka 1999, ni za miale ya eksi (eksirei), ambayo jicho haliioni kabisa, na kwa hiyo mshiriki mwenyewe ndiye anayeamua nishati ipi apewe rangi ipi. Historia ya elimu hii imepitia pwani yetu. Setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kuichunguza miale ya eksi ya angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa ilipaa siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002, na ndiye pia aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa wazo la Chandra. Mwanafunzi anapoipaka rangi Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota ambayo mlipuko wake ulionekana na Wachina mwaka 1054, anaendeleza uchunguzi ambao hatua yake mojawapo kubwa ilianzia nchini mwake. Nasikitika kwamba vitabu vyetu vya shule havilipi jambo hili nafasi linayostahili.

Upungufu wa kwanza wa njia ya darubini za roboti ni kwamba anga lake si anga letu lote. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na kwa mwaka mzima tunaweza kuona karibu kila nyota iliyopo, za kaskazini na za kusini. Arizona iko takribani nyuzi 32 kaskazini. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, halichomozi huko asilani, Msalaba wa Kusini haupandi kiasi cha kufaa, na fungu kuu la nyota la Omega Centauri huishia chini karibu na upeo wa macho. Kwa hiyo mtoto anayetoka nje jioni ya mwezi wa Mei akauona Msalaba wa Kusini juu ya ziwa, kisha akaingia kwenye orodha ya darubini ili aagize picha ya eneo hilo, ataambulia patupu. Ni pengo kubwa, na linauma zaidi kwa sababu vitu hivyo vya kusini ndivyo tunavyovionyesha kwa vidole.

Pili, lazima mtu ajue mapema mipaka ya chombo. Upana wa picha ya kawaida ni karibu nyuzi moja, sawa na miezi mipevu miwili iliyowekwa bega kwa bega. Galaksi ya Andromeda ina urefu wa nyuzi tatu hivi, na hivyo utapata kiini chake na sehemu tu ya mwili. Kinyume chake, Zohali itatokea ikiwa na pikseli chache mno, na pete zake hazitakuwa na uzuri wa picha zilizo vitabuni. Wanaoanza huikimbilia Zohali kwanza, nao huvunjika moyo. Nebula ya Orion kati ya Desemba na Machi, au Whirlpool kuanzia Aprili hadi Juni, zitawapa furaha ya haraka. Kuanzia Julai hadi Septemba mvua za majira ya joto za Arizona hupunguza sana usiku wa kufanyia kazi, na ni busara kutumia picha za akiba katika miezi hiyo.

Lugha nayo ni kikwazo. Maelekezo hayapatikani kwa Kiswahili, na Kiingereza chake, ingawa kimerahisishwa, kimejaa maneno ya kitaalamu ambayo mtu mzima aliyeacha shule zamani hawezi kuyafuata bila msaidizi. Vilevile maoni ya wataalamu, ambayo ndiyo tuzo halisi ya shindano hili kwa kuwa zawadi ya fedha haipo, huandikwa kwa ajili ya kazi zilizoteuliwa. Wengine wote hubaki na walichojifunza, nacho si haba, lakini kijana aliyejitahidi hutamani mtu amwambie ni wapi amekosea. Sisi huzibandika picha zote ukutani, kisha kila mmoja huitetea yake mbele ya wenzake, wakubwa kwa wadogo, kabla ya kutuma.

Kuhusu gharama, sina mengi ya kulalamikia. Faili moja ya MicroObservatory haifikii hata megabaiti moja, na bando dogo linatosha kwa kikundi kizima. Faili za vyombo vikubwa ni nzito zaidi. Kompyuta haiepukiki, kwani kupandanisha tabaka kwenye kioo cha simu ni mateso, na kwa wasio na kompyuta saiba ya mtaani inafaa mradi kivinjari chake kiwe cha karibuni. Watoto wadogo watumie anwani ya barua pepe ya mwalimu au mzazi.

Kuna wanaoniuliza kama si afadhali kujiunga na kampeni za kusaka asteroidi, yaani miamba inayolizunguka jua, zinazoandaliwa na International Astronomical Search Collaboration, ambazo huwapa washiriki picha za darubini ya Pan-STARRS iliyoko Hawaii ili watafute nukta inayosogea kutoka picha moja hadi nyingine. Kampeni hizo ni nzuri, nazo pia ni za bure, na msisimko wa kukuta kitu ambacho huenda hakijaandikishwa ni mkubwa. Hata hivyo hutegemea programu ya Astrometrica, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya Windows, na kazi yake ni ya jicho kali na ripoti yenye mpangilio maalumu. Haimpi mshiriki uhuru wa kuamua atazame nini. Ningemwanzisha mwanafunzi kwa shindano la picha, kisha msimu unaofuata nimpeleke kwenye asteroidi akiwa tayari anajua pikseli ni nini.

Kwa lile pengo la anga la kusini, tiba ipo, ila haipatikani kwa urahisi huo. Las Cumbres Observatory ina darubini za roboti katika mabara kadhaa, zikiwemo za Sutherland nchini Afrika Kusini, ambako Mawingu ya Magellan na Omega Centauri huonekana vizuri kabisa, tena kwa tofauti ya saa moja tu na sisi. Muda wa elimu hutolewa kupitia washirika wa mpango wake wa Global Sky Partners, na hivyo kikundi kinahitaji kujipanga, kuandika mpango wa kazi unaoeleweka na kuomba. Chama cha walimu wa sayansi wa kaunti moja, au vyuo vikuu vyetu vya Maseno na Masinde Muliro, wangeweza kuubeba mzigo huo kwa niaba ya shule nyingi za magharibi mwa Kenya, na watakapoomba watakuwa na hoja nzito zaidi ikiwa wanafunzi wao tayari wana picha na maelezo waliyoyatuma kwenye shindano la NASA.

Mwalimu anayetaka kuanza msimu huu aanze na kikundi kidogo chenye angalau mtu mzima mmoja mwenye mikono mitulivu, achague kitu kimoja tu, aagize picha zake katika wiki ya mwezi mwandamo, na maelezo ya fomu yaandikwe kwanza kwa Kiswahili hadi kila mwanakikundi aweze kuyatetea, ndipo yatafsiriwe na kutumwa.